Kamati ya Ulazima wa Serikali

Ninayo heshima kuutangazia umma kwamba lile swali lililowasumbua Wakristo kwa karibu miaka elfu mbili, yaani kama serikali ni ya lazima na kama ni jambo jema mbele za Mungu, limepatiwa jibu. Lilijibiwa Jumanne, kabla ya saa nne, katika chumba namba tisa, ghorofa ya tatu, na tukawahi chai. Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kamati iliyolijibu. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Nasema kwa sababu bila mimi lisingejibiwa.

Wapo watakaouliza kwa nini Mamlaka ya Mji, yenye kazi ya mitaro, taka na taa za barabarani, ijiingize katika mambo ya Mungu. Ni swali zuri. Jambo lenyewe lilianzia kwenye shimo.

Kule mtaa wa bondeni, mbele ya shule ya chekechea, mtaro mkuu una shimo la kushukia mafundi. Mfuniko wake ulipasuka miaka mitatu iliyopita. Fundi cherehani mmoja, mama mtu mzima mwenye duka la chumba kimoja mkabala na shimo hilo, akatuandikia barua kuomba mfuniko. Tukaipokea. Akaandika ya pili, tukaipokea vilevile, maana hatubagui. Watu wa mtaa walipotaka kutengeneza mfuniko wenyewe, tuliwajulisha kwa lugha ya upole kwamba mtaro ni mali ya serikali na atakayeugusa atashtakiwa. Basi wakaliziba kwa tairi bovu. Mwaka huu mvua kubwa ikalisomba tairi, na mjukuu wa fundi, binti wa miaka sita, akatumbukia akavunjika mkono.

Barua ya tatu ndiyo iliyotusumbua. Haikuwa na matusi. Ingekuwa na matusi tungejua jalada la kuitia. Mama yule aliandika kwamba wao ni Wakristo, na wamefundishwa kuwa mtawala ni mtumishi aliyewekwa na Mungu awatendee watu mema. Hilo hawana ubishi nalo. Mema wanayoomba wao ni mfuniko mmoja, upana sentimita sabini.

Mkurugenzi aliisoma mara mbili, akivua miwani na kuivaa tena.

"Katibu, huyu mama ananiita mtumishi?"

"Wa Mungu, Mheshimiwa."

"Hata kama. Mtumishi ni mtumishi tu. Leo mfuniko, kesho ataniletea ufagio." Akaisukuma barua kwa ncha ya kidole. "Hili ni suala la kisera. Unda kamati."

Mtu mwingine angetafuta mfuniko. Ndiyo maana watu wengine si wakurugenzi.

Wajumbe walikuwa watatu, wote Wakristo, ili asije mtu akasema tumependelea. Wa kwanza alikuwa padri mmoja mwembamba, msomi, mwenye tabia ya kufumba macho akifikiri. Wa pili alikuwa mchungaji mwenye sauti iliyozoea vipaza sauti. Wa tatu, kwa kuwa kanuni zinadai uwakilishi wa walalamikaji, alikuwa yule yule fundi. Kanisa lao ni dogo, halina mchungaji wala kinanda, na watu wake hawaapi kiapo chochote wala hawashiki cheo. Alikuja na mkoba wa kazi, akakaa, akaanza kushona vifungo kwenye sare ya shule.

"Mama Fundi, hapa ni kwenye kikao," nilimkumbusha.

"Najua, mwanangu. Masikio hayashoni."

Mkurugenzi akafungua kikao kwa kuuliza kama bustanini, kabla ya watu wa kwanza kula lile tunda, kulikuwa na serikali.

Padri akafumba macho. "Naamini ingekuwepo," alisema. "Hata watu wasio na dhambi, wakiwa wengi, wanahitaji wa kuwapanga. Wawili wakitaka kupanda ua pahala pamoja, wote kwa nia njema kabisa, lazima awepo wa kusema hili hapa na lile kule. Utawala wa namna hiyo ni upendo uliopangiwa zamu."

"Kwa hiyo bustanini kulikuwa na ofisi."

"Kungekuwa na utaratibu, Mheshimiwa."

"Andika ofisi," Mkurugenzi akaniambia.

Mchungaji alikuwa anatikisa kichwa muda wote huo. "Samahani, baba padri, lakini hapana. Serikali imekuja kwa sababu ya dhambi. Ni kamba ya mbuzi mkorofi. Mwizi akiokoka, polisi wa nini? Watu wote wangekuwa malaika, Mheshimiwa hapa angekuwa anauza nyanya."

Nilimwona Mkurugenzi akiwaza habari za nyanya, na uso wake haukupendeza. Kisha akachangamka ghafla.

"Subiri. Kwa hiyo kosa ni la wananchi?"

"Kosa ni la wanadamu wote," alisema mchungaji.

"Ndiyo hao hao. Endelea."

Zamu ya fundi ilipofika alikata uzi kwa meno kwanza. "Sisi hatuna mengi," alisema. "Tunatii serikali. Ikituamuru tumkosee Mungu, hapo hatutii, ila hatupigani nayo. Na kila Jumapili tunakuombea, mwanangu, kwa cheo chako."

Mkurugenzi akajiweka sawa kitini. "Mnaniombea nini?"

"Hekima."

"Tangu lini?"

"Miaka mitatu sasa. Hatujakata tamaa."

"Andika kwamba wananiombea," Mkurugenzi akaniambia, nami nikaandika.

"Lakini swali lenu mimi naona limenizidi kimo," fundi akaendelea. "Kama serikali ilikuwepo bustanini au haikuwepo, mimi sijui, sikuwepo. Padri anasema ipo ili watu wapangiwe. Mchungaji anasema ipo ili wabaya wazuiliwe. Wote naona wana neno. Mimi nauliza tu, mtoto akitumbukia, hapo imepanga nini, na imemzuia nani?"

Padri akafumbua macho. Mchungaji akakohoa. Mkurugenzi akasema haraka haraka haina baraka, na kikao kikaahirishwa.

Jibu alilitoa mwenyewe Jumanne iliyofuata. Alilipata wapi sijui, lakini lilikuwa safi. Serikali, alisema, ni ya lazima kwa kadiri ya makosa ya watu wa mahali. Penye makosa mengi, ulazima ni mkubwa. Pasipo makosa hakuna ulazima, na pasipo ulazima hakuna mfuniko. Watu wa bondeni si ndio wanaojidai watakatifu? Kila Jumamosi alasiri hukaa kwenye benchi la duka la fundi, aliyekosa akamtazama aliyemkosea, wakayamaliza, hata kituoni hawafiki. Vizuri sana. Basi waendelee.

Nikasema moyoni, huyu bwana angezaliwa zamani angechongewa sanamu.

Uandishi wa azimio ulikuwa wangu. Nililiandika katika vifungu vinne, na kwa kuwa azimio la vifungu vinne huonekana limekosa pumzi, nikaongeza cha tano kwa ajili ya urembo: eneo lenye makosa mengi kuliko yote litawekwa chini ya uangalizi wa eneo lenye makosa machache kuliko yote. Kila mwenye akili angeelewa kwamba hayo machache ni ya kwetu makao makuu, na kwamba sisi ndio tutakaowaangalia wengine. Mkurugenzi alisaini bila kusoma. Wizara nayo ikaidhinisha bila kusoma. Hivyo ndivyo kuaminiana kulivyo serikalini, na roho yangu ilifurahi.

Kilichobaki kilikuwa kuhesabu makosa. Kazi hiyo nilimpa karani wa masjala, mwanamke mpole aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, ambaye katika miaka thelathini hakuna aliyewahi kumwuliza chochote zaidi ya jalada liko wapi. Alikwenda kwenye rejista ya malalamiko, ambayo ina safu ya kosa na safu ya mahali kosa lilipotendeka. Alihesabu siku nne. Kisha akaniletea karatasi moja, ameishika kwa mikono miwili.

Bondeni palikuwa na kosa moja, nalo lilihusu mbuzi.

Penye makosa mengi kuliko pote mjini palikuwa na elfu moja mia tisa na sita. Hapo ni jengo letu. Ghorofa ya tatu peke yake ilizishinda kata sita zikiunganishwa. Watu waliombwa chai ili fomu zitembee. Majalada yalipotea yakaonekana siku mwenye shida alipokuja na shemeji mkubwa. Zaidi ya mia nne walilalamikia koti, yaani walikuta koti limetundikwa kitini kuonyesha kwamba mwenye kiti yupo, wakalisubiri koti mpaka jioni.

"Umekosea mahali," nilimwambia karani.

"Nimerudia mara tatu, Katibu."

"Haya ni malalamiko juu yetu. Tulikuagiza makosa ya wananchi."

"Mchungaji alisema ya wanadamu wote," alijibu kwa adabu. "Nami nikaona na sisi tumo."

Nilimpelekea Mkurugenzi. Alisema karani ni nyoka. Karani, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako, Mheshimiwa," akarudi masjala. Siku hiyo nilikumbuka kwamba mtu anayestaafu karibuni hana anachoogopa. Kurekebisha hesabu haikuwezekana, maana nakala ilikwisha kwenda wizarani, na wizara, ambayo haisomi maazimio, husoma sana hesabu.

Ndani ya wiki mbili barua ikashuka. Mtaa wa bondeni umethibitika kutokuwa na ulazima wa serikali, hivyo mtaro wake unakabidhiwa kwa wakazi. Saa saba mchana barua ikabandikwa. Saa kumi na moja mchomeleaji wa mtaa, ambaye vipimo alikuwa navyo kwa miaka mitatu, alikwisha kata bati la geti kuukuu, akalitia bawaba na kulifunika shimo. Nilikwenda kulikagua. Nililikanyaga kwa mguu mmoja, kisha kwa miwili. Niseme ukweli, niliona uchungu, maana kazi ilikuwa nzuri na haikuwa na namba ya kumbukumbu.

Aya ya pili ya barua ilihusu ghorofa ya tatu. Kwa mujibu wa kifungu cha tano, ilikuwa chini ya uangalizi wa bondeni.

Wizara ilimtumia fundi cheo, mhuri na maneno ya kiapo. Vyote alivirudisha kwa shukrani. Hawashiki vyeo, alisema, na hawaapi. Lakini kama hao wazee wa ghorofa wana shida, benchi lipo, Jumamosi alasiri, waje tu kama wengine. Mkurugenzi aliandika kupinga. Wizara ikamjibu kwamba malalamiko yote kutoka eneo lenye ulazima mkubwa yapelekwe kwa mwangalizi. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, nami sikumwambia.

Basi Jumamosi tukaenda. Duka lilinuka mafuta ya cherehani na nguo mpya. Nje, mtaani kote, watu walikuwa wamepanga foleni hadi kona, kila mmoja na karatasi yake, na mbele kabisa amekaa yule binti wa miaka sita, mkono umetoka bandeji juzi, umekonda kuliko mwenzake. Fundi akamwonyesha Mkurugenzi mahali pa kukaa, magoti kwa magoti na mtoto.

"Hapa hatuna mwenyekiti," alimwambia. "Mwenye kuumizwa anauliza, aliyeumiza anajibu. Hakuna kingine."

Mtoto alimtazama. "Babu, wewe ndiye mwenye mtaro?"

"Ndiyo," alisema Mkurugenzi. "Yaani, kimuundo—"

"Ulijua kuna shimo?"

Akanigeukia. Kwa miaka kumi na moja, kila alipokwama alinigeukia, na kila mara nilikuwa na neno: mchakato, upembuzi, awamu. Nilifungua mdomo. Fundi akanitazama juu ya miwani, nikaufunga.

"Nilijua," alisema Mkurugenzi.

"Mbona hukufunika?"

Kwenye foleni hakuna aliyemcheka. Nadhani angependelea wacheke.

"Hakuna sababu, mjukuu wangu," alisema hatimaye, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia ghorofani. "Ningeweza kufunika siku ile ile. Nisamehe. Na pole kwa mkono."

Mtoto akafikiri, akampa ule mkono uliokonda, wakashikana. Padri, aliyekuwa amesimama mlangoni na mchungaji, akasema taratibu kwamba sasa ameiona serikali. Mchungaji alisema yeye ameona toba. Wakaanza kubishana kwa kunong'ona.

"Bado elfu moja mia tisa na tano," alisema fundi. "Lakini la mtoto halijaisha." Akatoa mkobani nakala za zile barua tatu, akazinyoosha juu ya paja. "Mkubwa amejibu lake. Barua hizi alipelekewa siku zilipofika?"

"Hapana," alisema Mkurugenzi. "Shimo nililiona mwenyewe nikipita kwa gari, lakini barua niliiona ya tatu tu."

"Na hizi mbili zina mhuri wa kupokelewa, na sahihi. Sahihi ya nani hii?"

Mkurugenzi aliinama akaitazama. Kisha akainuka, akapangusa benchi kwa leso yake, akanisogezea. Mtoto amekwisha geuka upande wangu, na taarifa hii sina budi kuikatisha hapa.