Kalamu Nyekundu ya Rais wa Mahindi

Wakulima wote wa Kitale na Bungoma walitangaziwa kwamba enzi ya ubadhirifu imefika kikomo: Rais amepewa kalamu nyekundu.

Rais mwenyewe alikuwa Wakhungu, mwenyekiti wa Muungano wa Wakaushaji Mahindi, ambaye aliona cheo cha mwenyekiti kinambana kifua, akajiita Rais. Zamani alilazimika kuikubali bajeti nzima au kuikataa nzima. Sasa angeweza kufuta mstari mmoja na kuiacha mingine iendelee na maisha yake. Wazo lilikuwa la Nabwile, katibu mpya, aliyetoka chuo kikuu juzi tu na kuamini kwa moyo wote kwamba upuuzi ukifutwa, mema yatabaki.

Rais akafuta dizeli ya mashine ya kukaushia. Mashine akaiacha. Akafuta maturubai, akaacha sherehe ya kuyazindua. Dizeli ya gari lake ilipona bila mkwaruzo.

Mvua ya Tongaren haikushauriwa, ikaendelea kunyesha. Wilkista, mama yake Nabwile, akapiga simu kutoka huko kijijini.

"Mwanangu, mahindi inaanza kuota. Isipokauka wiki hii, ni ya kumwaga."

"Mama, tumeweka mfumo wa kisasa. Rais ana kalamu."

"Sawa. Sasa nianike juu ya hiyo kalamu?"

Kesho yake Nabwile alileta bajeti ya nyongeza yenye mstari mmoja tu: dizeli ya kukaushia mahindi ya wanachama, kisha ya gari la Rais, lililokuwa limeshamaliza mgao wake wa kwanza.

Rais aliinua kalamu. Akaishusha. Akaiinua tena.

"Katibu, si tunaweza kufuta hapa mwanzo kidogo?"

"Sheria inasema mstari mzima, mheshimiwa. Uliipigia makofi."

"Ati hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Rais akatia saini, akitabasamu kama mtu anayeng'olewa jino.

Mashine ikanguruma Kitale. Mahindi ya Tongaren yakaingia yakiwa mabichi, yakatoka yakilia kama kokoto. Rais alipofika na dereva wake, pipa la dizeli lilikuwa tupu.

"Na yangu?"

"Ilikuwa ifuate, mheshimiwa," Nabwile alisema kwa huruma ya kweli.

Wilkista alikuwa akipakia magunia yake kwenye trekta. "Panda, Rais, tukuteremshe kwako Kamukuywa. Lakini hiyo kalamu weka mfukoni bana, isinitobolee gunia."

Taarifa rasmi ya jioni ilieleza kwamba Rais ameyakagua mahindi ya wanachama kwa ukaribu usio na kifani, na kuthibitisha, akiwa ameyakalia, kwamba yamekauka.