Kibali cha Taulo

Tangazo lilikuwa dogo, limebandikwa ukutani karibu na bwawa la kuogelea, sitaha ya kumi na moja: "Ni marufuku kuwekea kiti nafasi kwa taulo." Abiria elfu mbili walipanda meli ya Nordkrone mchana ule wa Ijumaa bandarini Kiel, wote wakapita pale, wote wakaona tangazo. Hinnerk Boysen peke yake ndiye aliyeona pesa.

Sisi tunaoishi huku hatuhitaji kuelezwa. Mtu anaamka alfajiri, anatandika taulo lake kwenye kiti cha kulalia, anarudi kitandani kumalizia usingizi. Kiti hicho ni chake mpaka jioni, hata asipokigusa. Ukimwondolea taulo umemkosea kuliko kumtukania mama. Na sasa meli inasema marufuku! Hinnerk aliwatazama wale wastaafu wamesimama na makoti yao, upepo wa Mei unawapiga, matumbo yamejaa samaki wa siki, macho yamekodolea viti. Akaona huzuni ya kweli. Na yeye huzuni ya watu ilikuwa ndiyo shamba lake.

Alikuwa na miaka hamsini na mbili, uso wa padri, vidole vya mcheza karata. Safari hakuwa nayo. Alipanda kwa kadi ya njano ya wageni, kwa sababu kila siku ya kuondoka wenye meli huruhusu watu arobaini waje watembezwe, wale chakula cha bure, watamani, kisha washuke saa tisa na nusu kabla ya zoezi la uokoaji. Kadi haina jina, ina namba tu. Arobaini wanapanda, arobaini wanashuka.

Na kushuka kulikuwa lazima. Kesho yake, saa tano asubuhi, Hinnerk alikuwa na miadi ya kufunga ndoa na Silke katika afisi ya manispaa. Miadi ya tatu. Ya kwanza ilimkuta mahabusu Flensburg. Ya pili ilimkuta Lübeck, akiuza tiketi za kupanda mnara usio na ngazi. Silke alimwambia bila kupandisha sauti: "Hinnerk, ukikosa ya tatu, pete naitupa baharini na wewe unaifuata." Na Hinnerk alimpenda Silke, jamani, tusimwonee. Alimpenda mpaka akaenda kuweka nafasi ya ukumbi wenye bendi ya watu tisa, na ukumbi ule haukuwa wa bure. Kilichobaki ni mama mkwe tu, mjane wa Husum. Kuna watu wanawaheshimu wakwe zao, lakini Hinnerk alimheshimu wake mpaka miaka mitatu ikapita hajawahi kumwona sura.

Basi akaketi kwenye meza ya pembeni, akatoa mkobani kadi nyeupe zenye ukingo wa dhahabu, kalamu, na muhuri. Muhuri huo aliununua mnadani, sokoni kwa vitu vikuukuu. Ulikuwa wa Chama cha Wafuga Kuku wa Rendsburg, chama kilichokwisha kufa zamani, na katikati yake kuku jike ametanua mbawa. Ukigonga kwa wino mwingi, kuku. Ukigonga kwa wino kidogo, tai wa serikali.

Mteja wa kwanza alikuwa Bwana Ansgar Thode, mwalimu wa hesabu mstaafu kutoka Neumünster, na mkewe Bi Elke. Walikuwa wameshakumbatia taulo nne.

"Mwalimu," akasema Hinnerk, akijua kwa kuangalia viatu, "hizo taulo mnakwenda nazo wapi, na sheria mmeiona?"

"Tunatazama tu," akasema Bwana Thode, na masikio yakamwiva.

"Mnatazama na taulo nne? Sikilizeni, mimi si mtu mbaya. Marufuku ni kwa wasio na kibali. Wenye kibali, ruksa."

"Kibali!" Bi Elke alilitamka neno hilo kama mtu anayesikia jina la mjukuu wake.

"Cha taulo. Siku saba, kiti kimoja. Euro ishirini."

Bwana Thode akashuku, maana hesabu ni hesabu. "Kina muhuri?"

Hinnerk akagonga. Mwalimu akavaa miwani, akainamisha kichwa.

"Huyu tai mbona ana kilemba kichwani?"

"Ni taji, mwalimu. Huyu ni tai wa baharini."

"Aa," akasema Bwana Thode kwa heshima, akalipia viti viwili. Bi Elke akamkanyaga mguu, akalipia vinne.

Walipoondoka, nyuma ya Hinnerk kikasikika kikohozi kidogo. Kibibi kifupi, mvi safi, pini ya dhahabu kifuani ya wateja wa miaka mingi, mkononi mkate wa samaki umeumwa nusu.

"Mwanangu," akanong'ona, "huyo tai wako anataga?"

Hinnerk alibaki ameshika muhuri hewani. Maisha yake yote hakuna aliyewahi kumshika mapema hivyo.

"Usihangaike," akasema kibibi. "Naitwa Gesine, nakaa chumba 4117. Ninaweza kupiga yowe sasa hivi, koo langu ni zima kabisa. Au tugawane nusu kwa nusu."

"Bibi, nusu? Kazi yangu, muhuri wangu, kuku wangu!"

"Na yowe langu."

Wakakubaliana nusu kwa nusu. Lakini Bi Gesine alikuwa mtu wa utaratibu. Kwanza, akasema, macho manne: pesa yoyote ya watu wawili huangaliwa na macho manne, la sivyo ni wizi. Akachomoa kapuni kisanduku cha chuma chenye kufuli mbili, ufunguo mmoja akampa Hinnerk, mmoja akautia kifuani. Mtu mwenye akili angejiuliza bibi gani anakwenda kutazama milima ya Norwei na sanduku la kufuli mbili. Hinnerk alikuwa na akili nyingi sana, ila siku hiyo zote alikuwa amezielekeza kwa wengine.

"Pili," akasema Bi Gesine, "kibali kisicho na mahali pa malalamiko nani atakiamini? Tuandike: Malalamiko, chumba 4117, saa zote."

Hinnerk nusura ambusu. Saa kumi yeye yuko nchi kavu, na malalamiko yote yanabisha kwa ajuza! "Bibi, wewe ni hazina," akasema.

"Tatu, hiyo kadi ya njano ifiche. Watu watasema afisa gani huyu na yeye ni mgeni wa chakula cha bure? Lete niiweke kapuni. Vaa pini yangu."

Akaivua kadi mwenyewe, kwa mikono yake, akavishwa pini ya dhahabu. Akajiona kwenye kioo cha baa na akajipenda.

Biashara ikafunguka hapo! Nchi hii ukiweka meza, kalamu na muhuri, foleni inazaliwa yenyewe. Ilianzia bwawani, ikapinda kwenye baa ya aiskrimu, ikashuka ngazi. Mmoja aliuliza kama kibali kinafanya kazi siku ya mvua. Hinnerk akamwambia hicho ni kibali cha mvua, ni euro tano zaidi, na yule mtu akashukuru. Mama mmoja alitaka cha mume kiwe mbali na cha kwake. Mzee wa Itzehoe alikasirika kwamba foleni ni fupi mno, haikumpa imani. Bi Gesine aliandika chumba 4117 kwa mwandiko wa shuleni, kadi baada ya kadi, na kisanduku kikawa kizito mpaka hakitikisiki.

Saa tisa na robo spika zikaita: "Wageni wenye kadi za njano, tunawaomba mshuke."

"Tugawane," akasema Hinnerk haraka.

"Mbele za watu? Huna haya? Shika kadi yangu ya chumba, nenda sitaha ya nne ukaningojee. Beba na sanduku, mimi mgongo wangu hauwezi. Ngoja nipitie msalani, nakuja na ufunguo wangu."

Hinnerk alimtazama kwa huruma. Masikini, bibi wa watu! Anampa sanduku lote mkononi! Kufuli itavunjwa kwa nyundo nyumbani. Akasema "Sawa, bibi," na alipopinda kona tu akatupa miguu, si kuelekea chumbani bali mlangoni, kwenye daraja la kushukia, foleni yake mwenyewe ikimziba kwenye kila ngazi, kisanduku kifuani kama kichanga.

Mlangoni alisimama baharia mmoja, Bwana Torben, mpole, mwenye kidude cha kuhesabia.

"Kadi ya njano, bwana."

Hinnerk akapapasa kifua. Pini. Akapapasa mifuko. Ufunguo, kalamu, muhuri.

"Nimeipoteza. Mimi mgeni. Nashuka."

"Wageni arobaini walipanda," akasema Torben, "arobaini wameshuka. Wa mwisho ni bibi mmoja, kapita sasa hivi, kaniachia na peremende. Hesabu imetimia, bwana."

"Haijatimia! Mimi hapa!"

"Ukishuka wewe watakuwa arobaini na moja." Torben alilisema hilo kwa maumivu ya kweli. Akaiona kadi ya chumba mkononi mwa Hinnerk, akaipitisha kwenye mashine, akatazama picha, akamtazama mtu. "Wewe ndiye Bi Gesine Lorenzen, miaka sabini na nne?"

"Ni... ni kadi ya shangazi yangu."

"Basi mrudishie kadi shangazi. Au nimwite polisi wa bandari aje tulitatue? Yuko pale, hatua tano. Na hicho kisanduku kina nini?"

"Vitafunio," akasema Hinnerk, akirudi kinyumenyume. "Hapana haja ya polisi, ndugu yangu."

Honi zikalia, saba fupi, moja ndefu. Kabla hajapata la kufanya, mtu akamvika jaketi la uokoaji la rangi ya chungwa, akamsukuma kwenye mstari sitaha ya chini, akamsimamisha ukingoni kati ya watu waliovimba kama yeye. Pale ndipo alipoona gatini. Bi Gesine amekaa juu ya nguzo ya kufungia kamba za meli, anakula mkate mwingine wa samaki. Pembeni yake, koti jekundu, nywele zinapeperuka, Silke. Wote wawili wakampungia mkono.

Lorenzen. Silke Lorenzen. Mjane wa Husum.

"Mama mkwe!" akapiga ukelele Hinnerk.

"Kimya kwenye mstari," akasema mwenye zoezi.

Meli ikang'oa nanga saa kumi na moja, bendi inapiga, watu wanashangilia, na Hinnerk analia bila kuficha. Miadi ya tatu imekwenda. Alitembea sitaha zote kumi na mbili akitafuta mlango ambao haupo. Alipita kwenye ukumbi wa dansi, maktaba isiyo na msomaji, uwanja wa gofu wa kitoto, lifti za vioo, mwisho akaishiwa meli. Akashuka chumba 4117, chumba cha ndani kisicho na dirisha. Juu ya mto palikuwa na ufunguo mdogo, pacha wa ule wa kifuani mwa bibi, na barua kwa mwandiko wa shuleni.

"Mwanangu Hinnerk. Ulimwambia Silke kwamba Ijumaa una kazi melini, naye akaniambia mimi. Chumba hiki nimekilipia kwa akiba yangu, chakula kimo ndani. Kesho hakuna miadi. Afisi imetupangia Jumatatu baada ya meli kurudi. Silke anajua, na ukumbi wa kulipiwa na pensheni za watu hautaki, atafurahi hata kwa viazi. Una funguo mbili sasa. Mrudishie kila mtu chake, kila mtu aandike jina na kutia sahihi. Karatasi hizo njoo nazo afisini Jumatatu. Bila hizo, usije. Fungate njema. Mama."

Hinnerk akafungua kufuli ya kwanza, akafungua ya pili. Alikaa kitandani akizitazama zile noti. Kesho kutwa meli inatia nanga Bergen. Mtu mwenye miguu mizuri anaweza kuteremka Bergen na asionekane tena, na bendi ya watu tisa ikampigia yeye peke yake. Aliliwaza hilo kwa muda mrefu kuliko ambavyo angependa Silke ajue. Kisha akaliona akilini lile koti jekundu, akajisikia mjinga na mpweke, na akataka kuwa nyumbani.

Mlango ukabishwa.

Bwana Thode alisimama mbele, kibali mkononi, nywele zimesimama kwa hasira. Nyuma yake korido nzima, mpaka kwenye lifti na kupita, foleni iliyonyooka kama rula. Hii ilikuwa ndefu ya kutosha, na mzee wa Itzehoe alikuwamo, ametulia.

"Wametuondolea taulo!" akasema mwalimu. "Nne! Nikaenda mapokezi na kibali changu, wakacheka. Nikachukua kioo cha kukuzia. Bwana, huyu si tai. Huyu ni kuku!"

"Kweli, mwalimu," akasema Hinnerk, na akashangaa jinsi neno hilo lilivyo jepesi. "Ni kuku. Nimewatapeli. Nisameheni. Hizi hapa pesa zenu, euro themanini. Andika jina hapa, tia sahihi hapa."

Bwana Thode aliandika jina, akatia sahihi. Noti hakuzigusa.

"Na mimi, risiti yangu ya kurudishiwa?"

Hinnerk akaandika risiti, akampa. Mwalimu akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma. Foleni ikanyoosha shingo.

"Muhuri uko wapi?"

"Mwalimu, wangu ni huu mmoja tu. Wa wafuga kuku."

"Najua," akasema Bwana Thode. "Gonga."