Alama Zote za Kijani

Jumatatu, 9 Februari

Theluji tangu alfajiri. Ijumaa Marit, bosi wetu, atamteua kiongozi mpya wa timu. Ni mimi au Tou Vang, kijana mwenye adabu nyingi mno. Nina umri wa kumzaa. Nafasi ni yangu kwa haki. Tatizo ni moja: majaribio yake yana alama za kijani, yangu nyekundu.

Nieleze, maana hata shajara inastahili kuelimishwa. Tunatengeneza programu ya simu ya kuitia magreda ya kuondoa theluji hapa mjini Duluth. Kila tunapoibadilisha, kompyuta hufungua kurasa zake, hupiga picha ya kila kitufe, kisha huilinganisha na picha ya zamani tuliyohifadhi. Hilo ndilo jaribio: zikifanana, alama ya kijani; zikitofautiana hata kwa nukta moja, nyekundu. Ukatili mtupu. Mimi mwenyewe sifanani na picha ya pasipoti yangu.

Jumanne, 10 Februari

Nyekundu tena, kisa kivuli cha kitufe! Tou akanishauri nizitazame picha mbili bega kwa bega. Nikamkumbusha kwamba nilianza kuandika programu yeye akinyonya. Akasema anajua, Mzee, umeshatuambia. Ndiyo adabu hiyo?

Jumatano, 11 Februari

Nimepata njia. Nimeiagiza kompyuta, kabla ya kulinganisha, ipige picha mpya na kuihifadhi kana kwamba ndiyo ya zamani. Basi picha inalinganishwa na nafsi yake. Kijani! Kijani tupu, kama malisho ya Juni.

Marit alipita, akasifu, akanipakulia sahani ya viazi na nyama ya kuokwa aliyoileta kutoka kwake. Tou aliuliza nimefanyaje. Nikamweleza kwa kirefu kuhusu subira.

Alhamisi, 12 Februari

Kwa kuwa sasa siwezi kukosea, nimeipamba programu. Kila kitu cheupe, kwa heshima ya theluji. Sikuifungua kwenye simu. Ya nini, na kompyuta imeshasema kijani? Tou akaomba tuijaribu kwanza kabla mteja hajaja. Nikamwambia wivu haujengi.

Ijumaa, 13 Februari

Msiba.

Bi Gunderson, mwenye magreda, alifika na theluji mabegani. Marit akampa simu aite greda. Bibi akaigeuza simu, akaipangusa kwa shali, akavaa miwani. Maandishi meupe, kitufe cheupe, juu ya ukurasa mweupe. Akauliza kitufe kiko wapi.

Nikamwekea kidole mahali penyewe. Hakuridhika. Nikafungua kompyuta nimthibitishie: picha ya zamani nyeupe, ya leo nyeupe, hazitofautiani hata nukta. Nilifafanua vizuri sana.

"Kwa hiyo mteja wangu akifukiwa na theluji," akasema, "apapase kioo mpaka greda lije?"

Tou alijikaza asicheke. Akashindwa. Marit hakucheka. Alilifungua agizo langu la Jumatano, akalisoma, akalirudia.

"Orville, umemfanya mshtakiwa awe shahidi wake mwenyewe."

Tou ndiye kiongozi.

Jumatatu, 16 Februari

Tou ametunga sheria: picha mpya haihifadhiwi mpaka mtu wa pili aitazame kwa macho yake na kuikubali. Alinifuata mezani akanibembeleza, Mzee, hii ni kwa ajili yetu sote, usinune.

Sikununa. Ni sheria nzuri, na mimi ni mtu wa sheria. Ila kumngoja mtu wa pili kunachelewesha kazi, na watu wa hapa wana macho ya kutafuta makosa. Kwa hiyo nimemfungulia akaunti mwenzetu mpya kwenye mfumo. Anaitwa Ingrid, na nenosiri lake ninalijua mimi tu. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameshazikubali picha zangu zote.

Mwanamke makini sana. Nitampendekeza kwa Marit apandishwe cheo.