Mtambo wa Kutia Sukari Katika Chai ya Mama Mkwe

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Kwako Mheshimiwa Shajara,

Salamu na heshima. Madhumuni ya maandishi haya ni kueleza, kabla maneno ya watu hayajazagaa, kwamba sebule ya nyumba hii imetwaliwa kihalali. Mimi, mtunza stoo wa kiwanda cha magodoro, niliye likizoni, najenga mtambo pamoja na binti zangu wawili. Gololi itateremka juu ya maboksi ya dawa ya meno. Itaangusha dhumna. Dhumna zitasukuma gari la kuchezea. Na kadhalika, na kadhalika, hadi kijiko kitie sukari katika kikombe cha chai. Kwa mkono, ni kazi ya kufumba na kufumbua. Kwa mtambo, ni fahari!

Binti mkubwa, tunayemwita Kwanini kwa sababu zilizo wazi, aliuliza kwa nini tusitie sukari tu. Swali limepokelewa. Mdogo wake, Nukta, hakuuliza kitu. Alitia gololi mdomoni. Imetolewa.

Mke wangu ametoa tamko. Mama yake anakuja Jumapili kunywa chai. Mtambo ukifanya kazi mbele yake, sebule ni yetu hadi shule zifunguliwe. Usipofanya kazi, takataka zote nje, na watoto watamalizia likizo kwa mjomba wao.

Mjomba wao! Shemeji yangu, fundi friji. Mtu asiyetofautisha aya na sentensi. Likizo iliyopita walikaa kwake siku chache tu, wakarudi wakinisalimu kama mgeni aliyekosea mlango. Jambo hilo halitarudiwa.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Kikwazo. Gari la kuchezea linakwama ukingoni mwa zulia.

Nimeagiza kila hatua isubiri idhini yangu. Gololi ikifika kwenye dhumna, naikamata, naikagua, naiidhinisha, naiachia. Kwanini amesema kwamba baba akiishika kila mara, basi mtambo ni baba. Nimemkemea kwa upole. Nukta ameomba naye aidhinishwe. Ameidhinishwa.

Alasiri shemeji akapita, eti kusalimia tu. Akachuchumaa. Hakuomba kibali! Akakunja kipande cha boksi, akakiingiza chini ya njia ya gari kuiinua kidogo. Gari likapita kama limeitwa. Watoto wakampandia mgongoni. Akanigonga bega, akasema, "Shem, usiwe na wasi, tutafika."

Tutafika! Sisi na nani? Nilimshukuru kwa ufupi uliokusudiwa kuumiza. Hakuumia. Akaomba maji ya kunywa.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Ushindi! Na ni wangu peke yangu.

Nimebuni hatua ya mwisho. Gari sasa limebeba mshumaa mdogo wa keki, unaowaka. Linafika chini ya uzi ulioning'iniza kiatu changu cha ofisini. Moto unakata uzi, kiatu kinaangukia ncha moja ya rula, ncha ya pili inarusha sukari. Tumejaribu. Kikombe kimepokea sukari yote, isipokuwa ile iliyopokelewa na pazia. Nukta amecheka hadi akakaa chini. Kwanini amenishika mkono bila kuuliza swali lolote. Sikumbuki lini alifanya hivyo mara ya mwisho.

Jioni nikawasomea rasimu ya hotuba ya ufunguzi. Nikaelekeza mshumaa uwashwe kabla ya hotuba, kwa heshima ya mgeni. Kwanini akapinga. Mshumaa ni mfupi, akasema, na hotuba si fupi. Pingamizi limesikilizwa. Limetupiliwa mbali.

Jumapili, tarehe 10 Agosti

Mama mkwe aliketi, mkoba mapajani. Shemeji naye alikuja, bila mwaliko. Mshumaa ukawashwa. Nikasimama.

Nilianza na historia ya gololi. Nikaingia kwenye nafasi ya sukari katika familia. Mama mkwe akamnong'oneza mke wangu, kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, "Huyu amemeza redio?" Mke wangu akaangalia dari. Kwanini akanivuta shati. Nikaendelea.

Hatimaye, gololi! Ikateremka vizuri ajabu. Dhumna zikalala moja baada ya nyingine. Gari likaenda, likafika chini ya uzi, likasimama.

Kiatu kikaning'inia. Mshumaa ulikuwa umebaki kisiki, na moto wake haukuufikia uzi.

"Hotuba imekula mshumaa," akasema mama mkwe.

Shemeji akanisogezea glasi ya maji. Hilo liliuma zaidi. Nukta akauliza kama aende kuchukua mswaki wake, wa kwenda kwa mjomba. Nikapekua karatasi za hotuba. Hazikuwa na aya yoyote ya jambo hilo.

Ndipo Kwanini akasema, "Baba, naiazima," akaichukua hotuba mkononi mwangu. Yote. Akaikunja mara mbili, akainua gari taratibu, akaisokomeza chini yake. Moto ukapanda. Ukagusa uzi. Kiatu! Rula! Sukari!

Mama mkwe akakoroga, akaonja, akaitikia kwa kichwa. "Tamu," akasema. "Mkwe wangu, leo ndiyo mara ya kwanza maneno yako yamefanya kazi."

Shemeji akapiga makofi kuliko wote. Nimeshindwa kupata kosa katika makofi yake. Bado natafuta.

Jumatatu, tarehe 11 Agosti

Mke wangu ameamua. Watoto wanabaki. Sharti ni moja: hotuba isiwepo tena ndani ya nyumba hii.

Nimelikubali sharti hilo kwa heshima zote, na nimeanza kuandaa hotuba fupi ya kulipokea.

Aidha, nimefanya tathmini. Kilichookoa mtambo ni nini? Hotuba. Ingekuwa fupi kama Kwanini alivyotaka, ingekuwa nyembamba, gari lisingeinuka, na leo binti zangu wangekuwa kwa fundi friji. Kosa letu, kwa hiyo, lilikuwa dhahiri: hotuba haikuwa nene vya kutosha.

Mtambo ujao utapiga mswaki meno ya Nukta. Nukta ameridhia. Mishumaa siioni; Kwanini anasema hajui ilipo, huku akiangalia dari kama mama yake.

Mheshimiwa Shajara, naomba uamuzi wako: hotuba iwe kurasa kumi, au kumi na mbili?