Jiko la Sauna Lisilotaka Wageni

Jumatatu, 3 Novemba
Jiko jipya la sauna, chumba cha kuogea mvuke cha jengo letu, limenigomea. Limefika nyuzi themanini, likasimama. Themanini! Marehemu baba angedhani mtu kasahau kufunga mlango. Eti linatii programu ya kampuni yake tu, na ukitaka nyuzi tisini unalipia kila mwezi. Mama Hillevi, mwenyekiti wa jengo, anaona themanini zinatosha. Orvo wa ghorofa ya pili kaniambia nikisikia baridi nivae soksi. Huyo anaimezea mate zamu yangu ya Jumamosi saa kumi na mbili jioni. Ilikuwa ya baba, sasa yangu. Haipati ng'o.

Jumanne, 4 Novemba
Nimepiga simu kwenye kampuni. Binti mpole sana. Nikauliza kwa nini jiko halikubali programu nyingine. Akasema ni kwa usalama wangu, programu ya mtu baki inaweza kuunguza nyumba. Nikauliza, na nikilipa haitaungua? Akasema ataulizia.

Alhamisi, 6 Novemba
Nimeipata programu mtandaoni, ya bure, ya bwana mmoja asiyejitaja jina. Saimi, binti wa dada yangu, ambaye kazi yake ndiyo hiyo, kanisihi: mjomba, usiguse. Anasema faida ya kampuni haimo kwenye jiko, imo kwenye kukushika usiende kwingine. Na jiko likiharibika, hawataki kubebeshwa makosa ya mtu mwingine. Nimemshukuru. Nikashuka chini nikaiweka. Jiko limekubali bila ubishi. Mjomba si mjinga.

Jumamosi, 8 Novemba
Nyuzi tisini na tano. Nimeyamwagia maji mawe yaliyo juu ya jiko, kwa kata ya shaba ya baba, ile ninayoiacha pale jengo zima litumie. Mvuke ukanipiga masikioni, nikafurahi mpaka nikaimba. Kisha jiko likagundua lina mgeni ndani. Likajizima, likajifunga. Kampuni inasema mpaka fundi wao aje, na fundi ana kazi nyingi. Nje nimewakuta Mama Hillevi na Orvo wakingoja zamu zao, taulo mabegani. Hakuna aliyefoka. Hapa kwetu mtu akikasirika anakunyamazia. Tumepanda lifti watatu, macho kwenye namba za ghorofa.

Jumatano, 12 Novemba
Kikao cha jengo. Mama Hillevi kauliza kwa upole nani aligusa jiko. Wote wakatazama vikombe vyao vya kahawa. Nikasema labda ni umeme. Orvo akasema umeme huo ulisikika ukiimba. Wakacheka, hata Mama Hillevi. Zamu ya Jumamosi kapewa Orvo. Mimi nimepewa Jumanne saa tisa mchana, saa ambayo hakuna anayetaka kuoga. Imeniuma kweli. Baba alikaa kwenye benchi lile la sauna kila Jumamosi ya maisha yake.

Jumamosi, 22 Novemba
Jiko limetengenezwa. Nimeshuka kuichukua kata ya baba, nimeifungia kabatini kwa kufuli. Jioni Orvo kagonga mlango, taulo kiunoni, anaomba kata. Nimemweleza kwamba kata hii inafanya kazi na mimi tu, Jumamosi saa kumi na mbili. Ni kwa usalama wake, mkono usioizoea unaweza kuungua. Akauliza, na akinirudishia zamu hataungua? Nikamwambia nitaulizia.

Sijui watu wanayatoa wapi maswali ya namna hii.