Malkia wa Bongwe Avishwa Sola

Jumatatu, 10 Februari 2025

Leo kijiji chetu cha Bongwe kimepata jambo la kujivunia. Nimepandisha paneli mbili za sola juu ya Malkia. Malkia ni basi dogo lililobeba wageni wa hoteli Diani mpaka likachoka. Nikalinunua mimi, nikalitia kitanda, jiko, mapazia na friji ndogo. Sasa ni nyumba yenye magurudumu, ya kukodisha. Swabir, fundi sola wa Ukunda mwenye cheti ukutani, alipita akanishauri nitoboe bati, nifunge paneli kwa bolti. Nikamwambia Malkia hatobolewi. Nimetumia gundi ya fundi viatu. Kiatu hukanyagwa kutwa na soli haibanduki. Paneli haikanyagwi na mtu. Swabir alicheka. Kicheko si jibu.

Jumanne, 11 Februari

Friji inanguruma! Nimegandisha maji. Mke wangu Dama nilimgusisha barafu shavuni, akakiri kuwa ni baridi.

Na mteja wa kwanza kafika: Bi. Twaiba, muuguzi mstaafu wa Msambweni. Mjukuu wake anaolewa Vanga. Yeye hujidunga insulini, dawa isiyotaka joto, na nyumba ya harusi haina friji. Kwa sababu hiyo hajalala nje ya kwake mwaka mzima. Aliniuliza mara mbili kama friji yangu ni ya kutegemewa. Nikaapa mara tatu. Dama alinivuta kando, akasema dawa ya mtu si soda, nimwite Swabir aikague kazi. Nikakataa. Mwenye kazi hakaguliwi.

Alhamisi, 13 Februari

Safari. Mpaka Lunga Lunga, lami tupu, Malkia anateleza kama bibi harusi. Kisha mashimo. Karibu na Jego nilisikia kishindo, nikadhani ni nazi. Mara mkulima mmoja, Tsofa, akatukimbilia na paneli kichwani kama sinia la pilau. Ilikuwa imeangukia mihogo yake. Haikupasuka, mali nzuri hujulikana. Bi. Twaiba alipouliza, nilimwambia hiyo ni ya akiba.

Vanga tulifika saa nane, jua kali. Nikamwonea huruma mama wa watu, nikaegesha chini ya mkwaju mnene. Kivuli cha kifalme. Akanishukuru mbele ya wakwe.

Ijumaa, 14 Februari

Nimefungua friji asubuhi. Kimya. Ndani vuguvugu, kama chai iliyosahauliwa. Paneli moja, tena kivulini, betri imekauka.

Naandika hapa tu. Nilifikiria kumdanganya tena, ulimi ukagoma. Nikamwamkia shikamoo mara mbili, ndipo nikasema yote, hata ile ya akiba.

Hakufoka. Aliomba mtungi wa udongo, akautia maji, akaifunga dawa ndani ya kopo lisilopenyeza tone, akaizamisha. Mtungi akaufunika kitambaa kibichi, akauweka penye upepo. Alisema wagonjwa wa vijijini amewafundisha hivyo miaka thelathini. Kisha akanitazama.

“Garama mwanangu, kivuli chako nimekipenda,” akasema. “Lakini friji yako inakula jua.”

Mchana nani kafika na wageni wa bwana harusi? Swabir. Na drili yake. Aliyemwita simjui, ila namshuku Dama. Alipanda juu, akamtoboa Malkia mashimo manane, akazikaza paneli zote mbili kwa bolti, akaziba kwa silikoni, akaniamuru nisogeze gari juani. Ngazi nilishika mimi. Ngazi ikiteleza, hakuna fundi. Kwa hiyo kazi tumeifanya wawili.

Jumapili, 16 Februari

Tumerudi salama. Mjukuu kaolewa, na bibi yake alikaa naye mpaka shughuli ya mwisho. Njiani aliimba nyimbo za harusi kutoka Jego hadi Msambweni, friji ikimwitikia. Nikafuta jicho kwa mkono wa shati. Vumbi.

Aliposhuka alisema atasafiri na Malkia tena, mradi Swabir awe amemkagua kwanza. Nusu ya kwanza ya maneno hayo nimeiandika ubavuni mwa gari kwa rangi nyekundu.

Jumatatu, 17 Februari

Swabir kanialika nikajifunze kwake wiki mbili, bure. Nimemshukuru kwa adabu. Mtu aliyefika Vanga kwa sola haanzi darasa la kwanza.

Tena nafasi sina. Amenipigia simu Samuel, mfugaji wa Kinango mwenye ng'ombe arobaini na kisima kirefu. Sifa zangu zimemfikia. Anataka pampu ya sola. Dama ameniomba nimpeleke kwa Swabir. Samuel naye aliuliza kama nimewahi kufunga pampu. Sikumficha. Nilimwambia nimefunga sola juu ya gari, na gari hukimbia.

Kisima hakitembei. Hii itakuwa rahisi.