Chumba cha Chini na Magoti ya Wifi

Jumatatu, 1 Septemba

Wifi amefika. Mabegi manne, mkongojo mmoja, na mdomo. Ni dada wa marehemu mume wangu, kwa hiyo siwezi kumfukuza. Eti amekuja kukaa nasi kwa kuwa magoti yamemshinda, na kwa binti yake ni ngazi tupu. Kwetu je? Kwetu chumba cha chini ni kimoja, na ni changu. Kina choo chake ndani. Kina dirisha la barabarani, ambalo mume wangu alilipanua kwa mikono yake ili nimwone kila anayeingia na kutoka. Haingii mtu nyumba hii bila mimi kujua amebeba nini.

Wifi alijitupa kitandani kwangu, akapapasa godoro, akasema kaka yake alijua kujenga. Kaka yake! Mwanangu, badala ya kumwonyesha shangazi yake ngazi za kwenda juu, akaanza kujikuna kichwa. Akasema sote wawili tunaumwa magoti, basi twende hospitali ya serikali, kuna darasa la mazoezi kwa wenye magoti yaliyosagika. Likiisha, mtaalamu atasema nani ana magoti mabaya zaidi. Huyo atakaa chini. Mwenye nafuu atapanda juu. Mpaka siku hiyo Wifi alale sebuleni. Sikujua kama nimezaa hakimu.

Alhamisi, 4 Septemba

Darasa lenyewe! Stoo ya zamani ya mashuka, nyuma ya chumba cha kufulia. Viti vya plastiki, kila kimoja na rangi yake. Mwalimu ni binti mmoja wa viatu vya raba, anatabasamu utadhani analipwa kwa meno. Akashika goti la plastiki, akalikunja na kulikunjua. Akasema gegedu, ile laini inayokaa katikati ya mifupa, imelika, lakini goti likitumika linapata nguvu na likiachwa linazidi kukakamaa. Eti dawa ni kukaa kitini na kusimama bila kujishika. Miaka yote hii nakaa na kusimama, kumbe nilikuwa najitibu! Mimi nilifuata sindano.

Akauliza maumivu yetu ni ngapi katika kumi. Wifi akasema tisa. Nikasema kumi. Wifi akakumbuka ghafla kwamba na yake ni kumi. Nikasema basi yangu ni kumi na mbili. Binti akacheka. Hana adabu.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimewaza na kuwazua. Kwa kuumwa simwezi Wifi, yule ana kipaji. Akiinuka kitini analia mpaka wafua nguo wa hospitali wanachungulia dirishani. Nyumbani mwanangu akimsikia anakimbia na mto.

Basi nageuza kibao. Kama mimi siwezi kuugua zaidi, yeye atapona! Binti wa mazoezi ameapa kwamba anayefanya kila siku anapata nafuu. Haya. Nitamponya Wifi kwa nguvu. Atapona huku analia. Ngazi zile atazipanda mwenyewe, na mabegi yake yote manne.

Ijumaa, 12 Septemba

Vita vimeanza. Nimemwamsha Wifi mapema, nikamwekea kiti uani. Akasema zoezi limemtoka kichwani. Nikamwonyesha. Akasema jua lilikuwa machoni, hakuona. Nikamwonyesha tena. Akauliza unaanza mguu upi. Kichwa kigumu, sijapata kuona! Nikafanya la kiti, la kunyoosha mguu, la kupanda na kushuka kizingiti cha jikoni. Yeye amekaa zake, anakunywa chai, ananitikisia kichwa kwa huruma. Akasema goti linamchoma. Nikamtolea maneno ya binti yule yule: maumivu kidogo si hatari, mradi yatulie baadaye. Akasema basi nimwonyeshe mara moja ya mwisho.

Mkamwana, mke wa mwanangu, akapita na nguo za kuanika, akasema mama unajitahidi sana. Thubutu! Anayetakiwa kujitahidi si mimi.

Jumatatu, 22 Septemba

Wifi haelewi. Nimefundisha uani, nimefundisha sebuleni, nimefundisha hata kwenye foleni ya hospitali, watu wakatupisha wakidhani tumechanganyikiwa. Darasani hukaa nyuma kabisa, halafu analalamika haoni. Binti akaniomba nisimame mbele niwaonyeshe wote. Nikakubali haraka. Sasa hana kisingizio.

Dereva mmoja mstaafu, mwenye kitambi chake, akaniambia eti nimekuwa mwepesi. Mpuuzi. Jioni niliangusha kijiko, nikainama, nikakiokota, nikasimama, bila kushika meza. Itakuwa ni hali ya hewa.

Alhamisi, 2 Oktoba

Wifi anachechemea vilevile. Kila asubuhi namfundisha, kila asubuhi anasahau. Juzi aliniambia yeye ni mzito wa kuelewa tangu utotoni. Hilo tu ndilo la kweli alilowahi kusema.

Na kingine cha kuniudhi: kopo langu la biskuti, ninaloficha juu ya kabati la jikoni, nimelikuta tupu. Kulifikia lazima upande kiti. Mkamwana anaapa si yeye. Nani basi, paka? Nimemnunia.

Wiki ijayo ndiyo vipimo. Kama Wifi hataki kupona, mimi nitaugua. Nimeazima mkongojo kwa jirani. Nimejaribu kuchechemea mbele ya kioo. Inaridhisha.

Alhamisi, 9 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Wifi aliitwa kwanza. Akainuka nusu, akarudi kitini puu, akamwita marehemu kaka yake kwa sauti. Mwanangu, aliyekuja kushuhudia, akafuta machozi. Hata mimi nilikaribia kuamini.

Zamu yangu. Nikaingia na mkongojo, nikikokota mguu, nikiugulia vizuri kabisa. Nikakaa. Nikasema kusimama siwezi. Binti akacheka mpaka akashika ukuta. Akamwambia mwanangu hakuna haja ya kunipima. Amenitazama wiki zote hizi nikisimama mbele ya darasa nikiwafundisha wenzangu, hajapata mgonjwa wa namna yangu, magoti yangu ni mfano kwa wote. Wakapiga makofi! Yule dereva akapiga mluzi! Nikavishwa fulana ya njano ya kujitolea, eti niwafundishe wanaoanza.

Nimejipalia makaa mwenyewe.

Mwanangu njia nzima anajivunia. Jioni hiyo hiyo wakabeba kitanda changu juu. Wifi akanipa pole kutoka chumbani kwangu, amekaa dirishani kwangu, anatazama nani anapita. Dirisha la huku juu linatazama tangi la maji la jirani. Tangi! Nilifunga mlango nikalia. Sikumlilia Wifi wala kitanda. Nililia kwa ajili ya dirisha la mume wangu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimemkamata! Asubuhi nilisikia pete za pazia zikigongana chini. Nikanyata hadi katikati ya ngazi, nikachungulia. Mlango wazi. Wifi yuko juu ya kiti, kwenye vidole vya miguu, anatundika pazia lake jipya, huku anaimba. Mkongojo hata hauonekani. Na mdomoni ana biskuti! Biskuti zangu!

Nikapanda mbio kumwita mwanangu. Nikashuka mbio nikimvuta mkono. Tulipofika, Wifi yuko kitandani, taulo gotini, anaugulia kwa ustadi. Nikaonyesha pazia. Nikaonyesha kiti. Nikaonyesha makombo. Mwanangu hakutazama hata kimoja. Alinitazama mimi, akasema kwa furaha kwamba mama umepanda na kushuka bila kushika ukuta, na wala huhemi.

Mkamwana sijamwomba radhi. Lazima na yeye alikula chache.

Lakini mimi si wa kushindwa. Magoti yamenisaliti, mgongo bado ninao. Mchana, mezani, nilishika kiuno nikatoa mlio mmoja wa maana. Mwanangu akaacha kijiko. Akasema hospitali ile ile ina darasa la mgongo, linaanza Jumanne. Na haki ni haki: atakayekuwa na mgongo mbaya zaidi likiisha, chumba cha chini ni chake.

Kabla sijashangilia, Wifi naye akashika kiuno. Akasema twende wote, wifi yangu, ila kama nijuavyo yeye ni mzito wa kuelewa, itabidi nimwonyeshe.

Maskini, hajui kinachomngoja. Safari hii nitamwonyesha asubuhi na jioni, mpaka apone.